Kifungu cha Saba

Duka la stesheneri lililo ubavuni mwa ofisi za serikali lilijaa siku hiyo mpaka watu wakawa wanapokezana karatasi dirishani. Tangazo la ruzuku lilikuwa limebandikwa wiki moja nyuma, na kila mwenye wazo, pamoja na wengi wasio nalo, alitaka kuchapiwa kitu. Tangazo lenyewe lilisema wazi: ruzuku haipewi mtu mmoja mmoja, inapewa shirika lililosajiliwa, lenye katiba, viongozi watatu na cheti mkononi. Basi watu ambao juzi hawakuwa wakisalimiana, leo wanaitana mheshimiwa mwenyekiti. Ruzuku ina mambo.

Nyuma ya meza, katikati ya printa mbili zinazokoroma, alikaa mwenye duka, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, kalamu mbili mfukoni. Mtaa mzima ulimwita Nukta, kwa sababu hakuna karatasi iliyowahi kutoka mikononi mwake bila nukta mahali pake. Barua yenye kosa moja tu la mkato aliichana na kuanza upya, hata kama mteja analia.

"Dada, foleni inaanzia kule," alisema bila kuinua macho.

"Foleni nimeimaliza. Wewe ndiye hujaniona."

Akainua macho. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye ovaroli la bluu lililotobolewa na cheche kifuani, kilemba cha rangi ya machungwa, miwani ya kuchomelea imepandishwa juu ya paji la uso, na masizi kwenye shavu la kushoto. Jamani, kuna watu wanapendeza kwa kujipamba, na kuna wanaopendeza kwa kutokujua kwamba wanatazamwa. Huyu alikuwa wa kundi la pili. Nukta akasahau alichokuwa anachapa, na mzee aliyekuwa akisubiri barua yake akaguna.

Mwanamke akamsukumia daftari. "Katiba hiyo. Nichapie."

Nukta akafungua. Katiba ilikuwa mistari minne: Tutafanya kazi. Tutasaidiana. Hatutagombana. Atakayechelewa atafagia. Akageuza ukurasa, akakuta mchoro wa gurudumu.

"Nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi?"

"Dada yangu, katiba ya shirika ina vifungu ishirini na zaidi. Uanachama, uchaguzi, akidi, namna ya kutatua migogoro."

"Si nimeandika hatutagombana?"

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Aliegemea meza kwa mkono mmoja, na kidole gumba chake kikaacha alama nyeusi kwenye kona ya karatasi nyeupe iliyokuwa juu ya rundo.

"Nisikilize, kaka. Sisi ni mafundi kumi na wawili, tunatengeneza viti vya magurudumu kwa vyuma chakavu, kwenye baraza la kuazima. Mwenye baraza lake analitaka mwisho wa mwezi ujao. Tukipata ruzuku tunapata karakana na mashine ya kukunjia mabomba. Tusipopata tunatawanyika, na watu ishirini na sita wanaongojea viti wataendelea kukaa sakafuni. Sasa niambie, hiyo akidi ni mdudu gani?"

Nukta alikuwa amezoea watu wanaotaka ruzuku kwa ajili ya kuwa na ruzuku. Huyu alikuwa na hesabu ya watu walio sakafuni. Akalifunga daftari.

"Nafunga saa saba kwa mapumziko," alisema. "Nitakuja hapo barazani niwaeleze wote. Nimuulizie nani?"

"Wananiita Cheche. Ukinichapia vibaya utajua kwa nini."

Alipoondoka, Nukta aliitoa ile karatasi yenye alama ya gumba. Mtu yule yule anayechana barua kwa mkato mmoja akaiweka karatasi chafu kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

*

Baraza lenyewe lilikuwa refu kama behewa, limejaa mabomba, tairi za baiskeli na harufu ya chuma cha moto. Aliyemkagua Nukta wa kwanza alikuwa Shangazi, aliyemlea Cheche tangu ana miaka minne. Shangazi alikaa kwenye kiti cha magurudumu cha kwanza kutengenezwa pale, gurudumu moja jekundu na jingine kijani, na ulimi wake ulikuwa unakwenda kasi kuliko kiti.

"Huyu shati hili atalivaa mpaka lini humu ndani?" aliuliza.

"Mpaka katiba iishe, Shangazi," Nukta akajibu.

"Basi andika polepole. Napenda watu wasafi."

Kila siku saa saba Nukta alikuja na kompyuta yake ya mkononi, akaiweka kwenye benchi la kazi, mafundi wakamzunguka, wakabishana, yeye akachapa. Kwenye jina la shirika walikwama siku mbili. Walitaka Tumaini, msajili akasema Tumaini wapo arobaini na mmoja. Wakataka Umoja, msajili akacheka tu.

Siku ya tatu walifika kifungu cha saba, cha viongozi. Cheche akasimama, nyundo mkononi.

"Andika hivi. Mwenyekiti, katibu na mhazini wasiwe ndugu wa damu, wala wanandoa, wala wachumba. Mnakumbuka kikundi chetu cha kwanza kilivyokufa. Mwenyekiti na katibu walikuwa mume na mke. Wakinuniana nyumbani, sisi tunakosa kikao. Mara ya mwisho mke alificha ufunguo wa stoo wiki tatu kwa sababu mume hakuisifia nguo yake mpya. Wiki tatu, jamani, kwa sababu ya gauni."

"Lilikuwa gauni zuri," alisema Mwalimu, mstaafu aliyegeukia ufundi wa breki na ambaye wote walijua atakuwa mhazini.

"Kwa hiyo mimi niliyekuogesha," Shangazi akaanza taratibu, na wanaomjua wakajiandaa, "mimi siwezi kuwa kiongozi kwenye shirika la viti, na ndani ya kiti niko mimi?"

"Katika wale watatu huwezi, Shangazi. Wewe ni damu yangu."

"Sawa. Chimbeni. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe, sikio lako liko wapi? Na msidhani mtaniacha hapa na mabomba. Kama ni kwenda, twende wote."

Nukta akasimamisha vidole. "Hilo," akasema. "Hilo ndilo jina."

Hata Shangazi alilazimika kutabasamu. Siku hiyo shirika likapata jina, Twende Wote, na kikapatikana kifungu cha saba, kilichochapwa na Nukta kwa mikono yake miwili na kuwekewa nukta mwishoni. Laiti angejua alichokuwa anajifungia.

Uenyekiti ukamwendea Cheche, uhazini Mwalimu, lakini ilipofika nafasi ya katibu, mafundi wote kumi na wawili wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyetaka kuandika. Kisha, mmoja mmoja, wakamtazama Nukta.

"Mimi siyo fundi," akajitetea.

Cheche akampa spana na gurudumu. "Funga hizo nati nne."

Alifunga tatu, ya nne ikamponyoka ikaingia chini ya benchi. Shati jeupe likapata mstari wa grisi kuanzia bega mpaka kiunoni.

"Tayari ni fundi," Cheche akatangaza. "Wanaoafiki?"

Mikono ikapanda, na Shangazi akapandisha yote miwili.

*

Baada ya hapo simu ndizo zilizoanza.

"Haloo, Mwenyekiti."

"Katibu. Kuna nini?"

"Kifungu cha tisa. Nimeweka mkato baada ya neno wanachama. Nikaona nikuulize."

"Jana uliniuliza hivyo hivyo."

"Jana kilikuwa kifungu cha nane."

"Nukta."

"Naam."

"Ukitaka kusikia sauti yangu, sema. Vimebaki vifungu kumi na vinne. Vikiisha utapiga simu kwa kisingizio gani?"

Upande wa pili printa ikazimwa. "Nataka kusikia sauti yako," akasema hatimaye.

"Haya, umeisikia. Na mimi simu hii nilikuwa nimekaa karibu nayo tangu saa nne, kwa hiyo tusilaumiane."

Nawaambia, kwenye duka lile siku hiyo barua zilichapwa kwa kasi ambayo haijaonekana tena.

Siku ya kupiga picha za fomu walitundika kitambaa cha bluu ukutani, wanachama wakapanga mstari. Cheche alikuja wa mwisho. Ovaroli halikuwepo. Alivaa gauni la njano lenye maua madogo meupe, nywele zimesukwa na kubanwa nyuma, na mikono wazi, pamoja na vile vidoa vya moto ambavyo mwingine angevificha. Nukta, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika nani ameshapigwa picha, aliandika Cheche mara tatu mfululizo.

"Funga mdomo, mpenzi, watu wanatuangalia," Cheche akamnong'oneza akipita.

"Umeniitaje?"

"Nimesema Katibu."

"Hapana. Nimesikia vizuri."

"Basi liweke kwenye muhtasari."

Hakuliweka kwenye muhtasari, lakini alilikariri. Kutoka hapo wakawa wanakula mchana pamoja kwenye ngazi za ofisi, yeye akimfundisha tofauti ya ajenda na azimio, mwenzake akimfundisha kutofautisha chuma kizuri na kibovu kwa kukigonga na kusikiliza. Walicheka mno. Walipendana bila kusema jambo kubwa lolote, kwa kuwa kila siku ilikuwa na fomu yake.

*

Wiki ya mwisho ikafika. Ijumaa saa tisa na nusu alasiri sanduku la maombi ya ruzuku lingefungwa, na kabla ya hapo lazima cheti cha usajili kiwe kimetoka. Jumatatu Cheche alikwenda nje ya mji kupeleka viti vitatu, huko ambako simu inashika ukipanda juu ya kitu. Fomu ya ruzuku aliiacha kwa Katibu. Alikuwa na desturi ya kusaini anachopewa na Nukta bila kusoma, na hiyo kwa Cheche ilikuwa imani kubwa kuliko kiapo.

Nukta yeye alisoma, kila neno. Ukurasa wa nne ulikuwa na tamko la viongozi watatu, la kusaini mbele ya msajili. Tunathibitisha kwamba hatuna uhusiano wa damu, ndoa wala uchumba, kama katiba yetu inavyoelekeza, na hatutarajii kuwa nao katika kipindi chote cha uongozi wetu.

Kipindi cha uongozi kilikuwa miaka mitatu. Alikichapa mwenyewe, kifungu cha kumi na moja.

Akarudia kusoma. Hatutarajii. Angeweza kusaini kwamba hawana uchumba, ni kweli hakuwa ameomba. Lakini kutotarajia? Alikuwa anatarajia tangu siku ya miwani. Alikuwa ameshaulizia bei ya pete, ameshamwambia mama yake, na mama ameshawaambia wengine wanane. Mtu asiyeweza kuacha kosa la mkato kwenye karatasi, aweke uongo mzima na saini yake chini?

Akafikiri njia zote. Akimwambia Cheche ukweli, anamjua: angesema basi mimi naacha uenyekiti, wewe baki. Na Twende Wote bila Cheche ni vyuma tu. Kufuta kifungu kunahitaji mkutano mkuu, na mkutano unahitaji taarifa ya siku ishirini na moja. Iliyobaki ilikuwa njia moja, yeye atoke, katibu mwingine aingie, wino wa Cheche ukauke, halafu siku hiyo hiyo amwombe. Alifurahi hata akasimama. Alitaka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu ila printa.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo angelifanya Nukta peke yake duniani. Huyu bwana ameandikia watu barua za posa, za msamaha, za kurudiana. Ameunganisha nyumba ngapi. Ya kwake mwenyewe ikamshinda. Vidole vilijua njia moja tu ya kujiuzulu, vikaifuata. Alichofanya cha ziada ni kufungua droo, kuitoa ile karatasi yenye alama ya gumba la masizi, na kuchapa juu yake. Alidhani ataitambua. Alidhani akiiona atakumbuka siku ile, ataunganisha na kifungu cha saba, ataelewa kila kitu. Wanaume.

Barua ilimfikia Cheche Jumatano mchana, vumbi la safari bado usoni. Aliisoma akiwa amesimama.

*Yahusu: Kujiuzulu Ukatibu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi niliyetia saini hapa chini, kwa sababu binafsi, najiuzulu nafasi ya Katibu wa Shirika kuanzia leo. Nawatakia kazi njema. Maoni ya Mwenyekiti: ............ Nakala: Mhazini. Nakala: Faili.*

Shangazi akaipokea, akaisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani. "Sasa huyu," akauliza, "amekuacha au amehamishwa kituo cha kazi?"

Cheche alikuwa ameshapiga simu.

"Sababu binafsi ni nini?"

"Karibu nyumbani. Umechoka?"

"Nimeuliza swali."

"Nitakwambia Ijumaa, ukishasaini. Nakuomba uniamini."

"Ijumaa? Unatutoka siku mbili kabla ya kufunga, halafu unanipangia tarehe? Au umepata shirika lenye baraza zuri zaidi?"

"Cheche, mpenzi, siyo hivyo."

"Usiniite hivyo. Una jambo la kuniambia, andika barua. Weka na nakala kwenye faili."

Akakata. Kisha akavaa miwani ya kuchomelea, ingawa hakukuwa na kitu kinachochomelewa, akaipa mgongo barabara. Kila fundi pale barazani akapata ghafla kazi ya kufanya upande wa pili.

Jioni ile wakamchagua Fundi Rangi kuwa katibu, mtu mpole aliyezoea kuandika vibao vya maduka, kwa hiyo kila kitu aliandika kwa herufi kubwa. Alhamisi asubuhi Mwalimu akaleta bahasha kutoka stesheneri. Ndani kulikuwa na karatasi zote upya, muhtasari, fomu, orodha, jina la Fundi Rangi mahali pake, bila kosa hata moja. Nukta alikuwa amekesha dukani usiku kucha kuzikamilisha. Cheche alizipitia ukurasa kwa ukurasa, na kila nukta iliyokaa vizuri ikazidi kumuuma. Mtu anayekuacha afadhali akuache na makosa.

*

Ijumaa saa nane na nusu walifika ofisini: Cheche na gauni la njano, Mwalimu na koti, Fundi Rangi na daftari jipya, na Shangazi mbele yao wote akipiga magurudumu yake kwenye sakafu ya marumaru na kuomba njia kwa sauti. Ukumbi ulikuwa umefurika. Kila shirika lililokuwa na wiki sita za kujiandaa lilikuwa limechagua saa hiyo. Dirisha namba tatu alikaa Msajili, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, na sifa yake mjini ilikuwa moja: anasoma.

Alisoma katiba. Alisoma orodha. Alilinganisha picha na nyuso, akaitazama ya Cheche muda mrefu kidogo. "Karatasi safi sana hizi," akasema. "Nani kawachapia?"

"Mtu tu," Cheche akajibu.

Saa nane na dakika hamsini Msajili akafika kwenye barua. Akaisoma, akairudia, akaiweka kando.

"Katibu amejiuzulu Jumatano, mnasajili Ijumaa. Sababu binafsi. Hii hainitoshi. Lazima nijue hakuna mgogoro ndani ya shirika. Nilishasajili watu wakapigana hapo hapo kwenye ngazi. Aje aseme mwenyewe, niandike, au mrudi Jumatatu."

"Jumatatu ruzuku imeshafungwa," alisema Mwalimu.

"Najua. Na hapa chini, maoni ya mwenyekiti, hujajaza."

"Sikuwa na maoni," Cheche akasema.

Fundi Rangi akafunga daftari. Mwalimu akakaa. Cheche akatazama saa ya ukutani, kisha simu yake, kisha saa. Kiburi kilimkataza, lakini aliwaona wale wanaongojea viti, mmoja mmoja, na majina yao yote aliyajua. Akapiga. Simu ikapokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Njoo dirisha namba tatu."

"Nakuja."

"Siyo kwa ajili yangu."

"Najua. Nakuja."

Aliacha printa inatema ukurasa, duka wazi, mteja ameshika chenji. Aliukata uwanja mbio, na alipoingia ukumbini shati lilikuwa limemshika mgongoni na kalamu moja imedondoka njiani. Watu wakampisha. Cheche hakumwangalia; aliangalia kioo cha dirisha, na bahati mbaya kioo kilimwonyesha Nukta huyo huyo.

"Wewe ndiye uliyejiuzulu?" Msajili akauliza.

"Ndiye mimi."

"Una ugomvi na hawa?"

"Sina."

"Sababu yako ni nini? Na usiniambie binafsi."

Nukta akavuta pumzi. Ukumbi mzima ulikuwa umesogea karibu, maana hakuna kitu kinachosogeza foleni kama mambo ya watu wengine.

"Wamesaini tamko?" akauliza.

"Wamesaini mbele yangu, wote watatu. Wino umekauka."

"Basi sababu yangu ni kifungu cha saba."

Msajili akafunua katiba, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti. "Mwenyekiti, katibu na mhazini wasiwe ndugu wa damu, wala wanandoa, wala wachumba." Akashusha miwani. "Wewe ni ndugu wa nani hapa?"

"Sina undugu na yeyote."

"Umemuoa nani?"

"Bado," alisema Nukta. "Nilitakiwa kusaini kwamba sitarajii. Nikashindwa. Natarajia, mama. Siwezi kusaini kwamba sitarajii wakati asubuhi nikiamka hilo ndilo jambo la kwanza ninalotarajia."

"Unataka niandike nini, sasa?"

"Andika kwamba nataka kumuoa Mwenyekiti."

Foleni ikaguna kwa pamoja. Shangazi akapiga kofi gurudumu lake jekundu. "Nilikwambia, mchimba kisima," akasema. "Mimi kifungu kilinitoa kwenye uongozi, wewe kimekuletea mume."

Cheche aligeuka. Uso wake ulikuwa umepigana na mambo mengi kwa siku mbili, na yote yalikuwa yanaondoka kwa mara moja.

"Ungeniambia tangu Jumatatu," alisema.

"Ungeacha uenyekiti."

"Ningeacha, ndiyo."

"Ndiyo maana sikukwambia."

"Na barua ile? Husika na kichwa cha habari? Nawatakia kazi njema? Umewahi kuona mtu anampenda mtu kwa husika na kichwa cha habari?"

"Nilidhani utaiona karatasi."

"Karatasi gani?"

Msajili, ambaye nilishasema anasoma, aliinyanyua ile barua na kuielekeza kwenye mwanga. "Ina uchafu hapa kwenye kona," alisema. "Nilitaka kuwauliza."

Cheche akaichukua. Kwenye kona kulikuwa na alama ya kidole gumba, masizi, imefifia kidogo. Akaweka gumba lake juu yake, likaenea sawasawa. Akakumbuka meza, rundo la karatasi, daftari la mistari minne. Zaidi ya mwezi mtu huyu alikuwa ameitunza. Machozi yakamtoka, na siku hiyo hakuwa na miwani.

"Mama," alimwambia Msajili, "nipe kalamu. Nina maoni."

Aliandika kwa mkono wake mzito wa fundi, kwenye vile vidoti ambavyo mchapaji mzuri huviacha, mpaka nafasi ikamwishia akamalizia pembeni. Msajili akaisoma, na kwa kuwa foleni nzima ilikuwa imenyoosha shingo, akaona isiwe tabu, akaisoma kwa sauti.

"Kujiuzulu kumekubaliwa. Na hilo lingine nimekubali pia. Harusi iwe karakana ikishaezekwa, ili viti vyote viingie ndani."

Halafu akashusha muhuri, na cheti cha Shirika la Twende Wote kikatoka chini ya kioo bado kikiwa na unyevu. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili. Sanduku la maombi lilikuwa ghorofa ya pili, kwa hiyo Nukta na Mwalimu walishika kiti cha Shangazi huku na huku, kwani aliapa bahasha haitaingia bila yeye kuiona, Cheche akatangulia ngazini amekunja gauni kwa mkono mmoja. Saa tisa na ishirini bahasha ikaanguka ndani ya sanduku. Waliisikia ikigonga chini.

Wote wakawa wanahema. Cheche akamgeukia Nukta, akamfuta jasho la paji la uso kwa ncha ya mtandio.

"Sasa niite."

"Nikuiteje?"

"Ulivyoniita nikakukatia simu."

"Mpenzi," Nukta akasema, mbele ya mlinzi, mhazini na umati uliokuwa bado unapanda ngazi.

Fundi Rangi, kwa bidii ya katibu wa siku mbili, alikuwa ameshafungua daftari. "Samahani, Mwenyekiti," aliuliza, "na hilo niliweke kwenye muhtasari?"

"Liweke," akajibu Shangazi. "Na bahati nzuri wewe huandiki herufi ndogo, maana neno hilo linataka kubwa."